Mchoraji, achana na fuvu, nenda Kisarawe

Wadau, kila ikifika mwisho wa Oktoba naanza kuyaona. Mafuvu! Yako kwenye mabango ya sherehe, yako kwenye fulana, na siku hizi yamefika hadi kwenye kanvasi za wachoraji wetu vijana hapa Dar. Fuvu limepambwa maua, machoni kuna mawaridi, meno yamepangwa kama punje za mahindi, rangi zinawaka. Ukimuuliza mchoraji, anakwambia kazi yake inahusu kuwaenzi waliotangulia.

Kuwaenzi waliotangulia ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Swali langu ni dogo tu: waliotangulia wa nani?

Hoja yangu leo ni hii. Mchoraji wa Dar anayetaka kuchora picha kuhusu wafu hana haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Apande gari la Kisarawe kupitia Pugu, au lile la Kibaha. Ni mwendo wa kilomita 30 au 40 hivi, kutegemea unatokea wapi. Ila awahi, maana akichelewa atakuta greda limeshapita.

Tuanze na hao Wameksiko, maana sitaki mtu aseme nawaonea wivu. Fuvu lao lina historia. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwepo fundi wa picha za kuchapa aitwaye José Guadalupe Posada. Alikuwa akitengeneza picha za vijigazeti vya bei chee, na humo akachora mafuvu yaliyovaa kofia za kitajiri ili kuwacheka wakubwa waliojisahau. Alifariki mwaka 1913, maskini. Mwaka 1947 mchoraji Diego Rivera akachora picha kubwa ukutani kwenye hoteli moja ya Mexico City. Katikati akamweka yule bibi fuvu wa Posada, na Posada mwenyewe kamshika mkono. Mwaka 2008 UNESCO nayo ikaiweka sikukuu yao ya wafu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa angalieni Rivera alifanya nini. Aliishi Ulaya miaka mingi na alizijua picha za Paris vizuri sana. Lakini alipotaka kuwachora wafu wa nchi yake, alikwenda kwa fundi wa mtaani kwao. Sisi tunaiga fuvu lake na kuacha njia yake. Cha kuiga kilikuwa njia.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisite mbele ya fuvu lenye maua. Kwetu fuvu si pambo, ni kesi ambayo haijafungwa. Wakati wa ukoloni Wajerumani walikusanya mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki na kuyapeleka kwao kwa ajili ya ile waliyoiita sayansi ya mbari. Taasisi moja ya makumbusho ya Berlin ilichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 ya aina hiyo, mengi ya Rwanda, na takriban 200 yalitoka eneo ambalo leo ni Tanzania. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vikawapata ndugu wa baadhi yao, huko Kilimanjaro. Familia ya Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, imekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa waliouawa katika Vita vya Maji Maji.

Vita hivyo vilifika Uzaramo pia. Kibasila, ambaye jina lake wengi tunalijua kwa sababu ya shule ya sekondari iliyopo Dar, alikuwa kiongozi wa Kizaramo aliyenyongwa na Wajerumani. Kwa historia hiyo, mtu anapoweka fuvu lenye mawaridi ukutani na kusema linawaenzi wazee wetu, mimi nashindwa kupiga makofi. Kuna familia zinasubiri fuvu la kweli lirudi.

Haya, twende Uzaramo.

Ukisoma kuhusu sanaa ya Wazaramo, au ukipita kwenye kabati za makumbusho, utakutana na kinyago kidogo kiitwacho mwana hiti. Ni kama kipande cha mti cha duara, hakina mikono, hakina miguu. Kina kitovu na matiti madogo, na juu kina kichwa chenye nywele zilizosukwa kwa mtindo wa upanga wa jogoo, mara nyingi panga mbili. Majirani zao Wakwere, ambao ni wenyeji wa upande wa Kibaha na Bagamoyo, nao wanacho. Kilikuwa kinapewa mwali alipowekwa ndani. Alikitunza kama mtoto: anakipaka mafuta, anakivisha shanga, analala nacho. Kwa lugha rahisi, kilikuwa ahadi kwamba ukoo hautakatika.

Sasa hapa ndipo mahali ambapo mimi mwenyewe niliposoma niliacha kitabu na kukaa kimya kidogo. Umbo hilohilo la mwana hiti, likiwa kubwa zaidi, Wazaramo walilichonga kwenye nguzo na kuzisimika juu ya makaburi ya watu wao wakubwa.

Tafakarini hilo. Mtu mzima amefariki, pengine mzee mwenye heshima zake, na juu ya kaburi lake inasimama sura ileile anayoilea mwali. Hawakuchora mifupa. Hawakuchonga hata sura ya marehemu mwenyewe ifanane naye. Waliweka mtoto. Nionavyo mimi, walikuwa wanasema kwamba ukitaka kumkumbuka aliyekwenda, mtazame anayekuja.

Mtafiti mmoja kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, alikaa kijijini Bunju katika miaka ya 1960 akijifunza mila za Wazaramo, na kitabu chake kuhusu mila hizo kilitoka mwaka 1970. Bunju ya leo mnaijua, ni foleni na fremu za maduka. Miaka sitini tu! Kazi kama zake zinatuonyesha jinsi mambo ya mwali, uzazi na msiba yalivyoshikana, huwezi kulielewa moja bila mengine. Mchoraji akilielewa hilo, tayari ana picha ambayo hakuna mtu wa Mexico City wala wa New York anayeweza kumchorea.

Halafu kuna watani. Mdau, kama umewahi kwenda msiba wa Pwani wenye watani wa kweli, unajua ninachosema. Watu wanalia, jeneza liko tayari, mara anatokea mtani kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anakohoa kama yeye. Mwingine anaingia kaburini na kulala kabisa, hatoki mpaka mmpe chochote. Na wafiwa, hata yule mjane aliyekuwa hawezi kusimama, wanacheka huku machozi yanatoka. Wazaramo wana utani na makabila mengi, yakiwemo ya bara kama Wanyamwezi, utani uliokua tangu enzi za misafara ya kwenda na kurudi pwani.

Kwa hiyo yule anayesema anapenda fuvu la Meksiko kwa sababu linacheka na kuondoa hofu ya kifo, nina habari njema kwake. Sisi tunaye mtani. Fuvu linacheka peke yake ukutani, mtani anawachekesha wafiwa kaburini. Nani kamchora mtani akiwa amelala ndani ya kaburi, watu wamesimama juu wanahesabu sarafu? Mimi sijaiona hiyo picha, na ningeinunua kwa mkopo.

La tatu ni majina. Kwetu mtoto anapewa jina la babu yake aliyefariki, na tangu siku hiyo bibi anamwita mume wangu. Anamgombeza kwa wivu, anamwuliza mbona jana hukuja kulala nyumbani, mtoto wa miaka minne! Nyie mlioitwa majina ya wazee mnalijua hili. Ni mzaha, lakini ndani yake jina la marehemu linatamkwa kila siku, asubuhi na jioni, bila kaburi wala mshumaa. Bibi kizee kakaa mkekani na mume wake wa miaka minne, hiyo nayo ni picha ya kuwaenzi wafu, tena haina hata tone la damu.

Sasa niseme kwa nini nina haraka.

Wengi tunaosoma hapa tuna kiwanja Kibaha au Kisarawe, au tunakitafuta. Tusijifanye hatujui. Dar imejaa, tunasogea. Mashamba ya minazi na mikorosho yanapimwa, vigingi vinapigwa, dalali anakupigia simu kwamba kimebaki kimoja tu, cha kona. Reli ya kisasa, iliyoanza kujengwa mwaka 2017 na kuanza kubeba abiria mwaka 2024, inapita Pugu, Soga na Ruvu. Viwanda vimeota Kibaha. Yote haya ni maendeleo, na mimi napanda treni kama nyinyi.

Lakini katika vijiji hivi watu wengi wamezikwa shambani kwao, chini ya mwembe, nyuma ya nyumba. Shamba likiuzwa, kaburi linauzwa nalo au linabaki pembeni mwa uzio wa mtu asiyejua ni la nani. Mwaka wa kwanza ndugu wanaruhusiwa kuingia kufyeka. Mwaka wa tatu kuna geti na mbwa. Mwaka wa tano kuna karo la maji machafu.

Cha kushangaza ni kwamba sheria yetu ina busara kuliko wanunuzi wa viwanja. Tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na katika gharama ambazo wenye kaburi wanastahili kulipwa haikuishia kwenye kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Imetaja pia gharama za matambiko au ibada inayofanywa wakati wa kuhamisha. Yaani Bunge la mwaka 1969 lilikubali kwamba kaburi lina madai yake zaidi ya mifupa. Lakini mimi na wewe tukinunuliana shamba kwa karatasi ya serikali ya mtaa, nani anakumbuka tambiko?

Nguzo za mbao zina hali mbaya zaidi. Mchwa anakula, mvua inaozesha, na zile nzuri zilishabebwa zamani na wakusanyaji. Leo ukitaka kuona kinyago cha Kizaramo kilichohifadhiwa vizuri, huenda ukakiona kwa urahisi zaidi Ulaya au Marekani kuliko Maneromango.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo hapa. Wamijikenda husimika nguzo za mbao ziitwazo vigango kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Kwa miaka mingi viliibwa na kuuzwa, mamia yakaishia kwenye makumbusho na sebule za Marekani. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama na vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Vikaja kuonekana Marekani katika makumbusho mawili tofauti, na mwaka 2007 vikarudishwa Kenya.

Nini kilivirudisha? Picha! Picha yenye mahali, yenye mwaka, na yenye mtu anayejulikana ni nani na anamkumbuka nani. Kama ingekuwa picha nzuri tu ya miti ya Kiafrika wakati wa machweo, vigango vile vingekuwa vimekaa Marekani mpaka leo. Hapo ndipo ninapoona kazi ya mchoraji wetu. Picha inayowaenzi wafu iwe na mwenyewe.

Nilimsindikiza rafiki yangu mmoja mchoraji, upande wa Kisarawe. Alikuwa na kanvasi yake na rangi zake, na kichwani alikuwa na picha iliyokwisha tayari: mbalamwezi, mbuyu, vivuli vya watu bila nyuso. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja. Tukamwamkia, akaitikia, tukakalishwa kwenye kigoda. Rafiki yangu akaeleza kwamba anataka kuwachora wafu. Mzee akamwuliza, "Wafu gani, mjukuu wangu?" Jamaa akasema wafu kwa ujumla, wazee wetu. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Kwa ujumla sijamzika mtu. Nimemzika baba, nimemzika dada yangu, nimezika watoto wawili."

Tulikaa pale mpaka alasiri. Alitutajia mmoja mmoja. Huyu alipenda ugoro, huyu alikuwa fundi wa kupanda minazi, huyu dada akicheka mnamsikia mpaka barabarani. Mbuyu haukuchorwa. Picha inayoendelea sasa ina mwanamke anayecheka, kabeba mwana hiti mgongoni kwa khanga kama mtoto wa kweli, na nyuma yake minazi iliyopigwa namba na watu wa upimaji. Haijaisha, lakini mzee ameshaomba aletewe aione kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kutokana na hilo naomba kupendekeza mambo machache kwa wachoraji. Kwanza, omba ruhusa kwa wenye marehemu, wala usitosheke na ya mwenyekiti wa kijiji. Pili, uliza jina, na uliza kama jina hilo linaruhusiwa kuandikwa. Kuna familia zitakataa, na zikikataa basi. Tatu, kuna mambo ya mwali na ya unyago ambayo si ya kuanikwa, yaache huko huko, picha haitapungua utamu. Nne, picha ianze kuonekana kijijini. Itundikeni kwenye ukumbi wa shule au chini ya mwembe, kabla ya mvinyo na vitafunwa vya mjini. Tano, ukiuza, rudi na kitu. Mtani tu analipwa kwa kulala kaburini, sembuse wewe uliyeondoka na kaburi zima kwenye kanvasi!

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni dini. Wazaramo wengi ni Waislamu, na wapo Wakristo, na kwa wote kuna watakaosema vinyago vya makaburini ni mambo ya kijahili, tuyaache yaoze. Naheshimu. Mimi sisemi mtu arudishe nguzo juu ya kaburi, wala siombi mtu aabudu chochote. Kuchora ni kukumbuka na kusimulia. Na tusisahau kwamba pwani hii hii, watu walioswali swala tano walijenga makaburi yenye minara. Nendeni Kaole, Bagamoyo, mkayaone magofu yake ambayo mwanzo wake ni karne ya 13. Nendeni Kunduchi muone makaburi ya mawe yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Hilo halimalizi mjadala wa masheikh, najua, lakini linaonyesha kwamba kumpamba marehemu wako hakukuletwa juzi na wasanii.

La pili ni soko. Mtaniambia mtalii anataka simba na Mmasai wakati wa machweo, nani atanunua mtani aliyelala kaburini? Naomba niwakumbushe Sam Ntiro, Mchagga, aliyesomea uchoraji Makerere na London. Alichora maisha ya kijijini kwao Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Pombe ya ndizi, wadau! Hakubadilisha mbege iwe mvinyo ili Wazungu waelewe. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyeuawa mwaka 1972, alianza na vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za dukani. Hakusubiri vifaa vya nje wala idhini ya mtu.

La tatu, wengine mtasema mimi si Mzaramo, Kisarawe inanihusu nini? Basi nenda kwenu. Kwenu nako wanazika. Lakini kama umenunua robo eka Kibaha, tayari una wajibu na wenyeji, hata kama dalali hakukwambia. Kabla hujapiga uzio, uliza chini ya mwembe ule kalala nani. Andika jina lake mahali. Na kama una rafiki anayejua kushika brashi, mpeleke.

Naomba kutoa hoja. Wachoraji mliomo humu, mkikasirika ni sawa, karibuni tubishane. Ila mkishakasirika, gari la Kisarawe lipo, na wazee bado wapo wa kututajia majina, ingawa si wengi kama mwaka jana.